Daktari Eijkman na Kuku wa Batavia

1. Utoto na Masomo Yake

Katika nchi ya Uholanzi, iliyo kando ya bahari huko Ulaya, kuna mji mdogo uitwao Nijkerk. Katika mji huo, tarehe 11 Agosti mwaka 1858, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Christiaan Eijkman. Alikuwa mtoto wa saba wa wazazi wake. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, na mwaka uliofuata alihama na jamaa yake yote, akaenda kukaa katika mji wa Zaandam, maana alipewa kazi ya kusimamia shule mpya huko. Christiaan alijifunza kusoma na kuandika katika shule ile ile ya baba yake.

Mwaka 1875 kijana Eijkman aliingia katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Amsterdam. Wakati ule Waholanzi walitawala visiwa vingi vilivyo mbali sana upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, kama vile Java na Sumatra. Visiwa hivyo leo ni sehemu ya nchi ya Indonesia. Askari waliokaa huko walihitaji madaktari, na chuo kile kilikuwa kikiwafundisha vijana kwa kazi hiyo. Eijkman alisoma kwa bidii, akashinda mitihani yake kwa sifa, na mwaka 1883 akapata cheo cha udaktari. Mwaka huo huo alioa, akaagana na jamaa zake, akapanda meli kwenda Java.

Kazi yake ya kwanza haikuwa na heri nyingi. Alitumwa Semarang, kisha Tjilatjap, kisha Sumatra. Huko Tjilatjap alishikwa na homa ya malaria, nayo ikamdhoofisha hata akashindwa kufanya kazi. Mwaka 1885 ilimbidi kurudi Ulaya kwa ajili ya kujiuguza. Mwaka uliofuata mke wake akafariki dunia. Basi akabaki peke yake, naye ni mjane kijana ambaye afya yake haijarudi sawasawa.

Watu wengi wakipatwa na mambo kama hayo huona ya kuwa wamekwisha kufanya sehemu yao. Eijkman hakukaa bure. Alikwenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, akajifunza kwa Robert Koch, daktari ambaye mwaka 1882 alikuwa ametambulisha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Huko Eijkman alizoea kuvitazama kwa darubini vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kuvilea katika vyombo vya kioo. Alikusudia kurudi Mashariki akiwa na elimu hiyo mpya.

2. Maradhi Yasiyojulikana Asili Yake

Siku zile maradhi yaitwayo beriberi yalikuwa yakiua watu wengi katika nchi za Mashariki ambazo chakula chao kikubwa ni wali. Mgonjwa huanza kwa kuona uchovu na ganzi miguuni. Kisha miguu hulegea, naye hutembea akiyumbayumba, na mwisho hawezi kusimama kabisa. Wengine huvimba mwili kwa maji, moyo hupoteza nguvu zake, pumzi huwa ngumu, wakafa. Maradhi haya yaliwapata sana watu waliokaa wengi mahali pamoja: askari katika kambi, mabaharia katika meli, na wafungwa katika magereza. Kwa sababu hiyo madaktari wengi walidhani ya kuwa ni maradhi ya kuambukiza.

Tangu mwaka 1873 Waholanzi walikuwa wakipigana vita na watu wa Aceh, kaskazini ya Sumatra. Katika vita ile beriberi iliwaangusha askari wengi sana. Serikali ya Uholanzi ikaona hatari, na mwaka 1886 ikawatuma wataalamu wawili, Pekelharing na Winkler, waende Mashariki kutafuta asili ya ugonjwa huo. Kabla ya kusafiri walipita Berlin, na huko wakaonana na Eijkman. Wakakubali afuatane nao kama msaidizi wao.

Mabwana hawa walikuwa hodari wa kazi yao. Walitazama mishipa ya fahamu ya watu waliokufa kwa beriberi, wakaona ya kuwa imeharibika. Lakini nini kilichoiharibu? Wakati ule Pasteur wa Ufaransa na Koch wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu, na kila daktari aliyekuwa na darubini alikuwa akitafuta kijidudu. Pekelharing na Winkler nao wakakitafuta, wakafikiri ya kuwa wamekaribia kukipata. Mwaka 1887 walirudi kwao. Pekelharing akaishauri serikali isiifunge nyumba ya uchunguzi waliyoianzisha katika hospitali ya jeshi mjini Batavia, bali iiendeleze. Mji huo wa Batavia leo huitwa Jakarta.

Shauri lake likakubaliwa, na tarehe 15 Januari 1888 Eijkman akawekwa kuwa mkuu wa kwanza wa nyumba ile. Alipewa pia kusimamia chuo kilichofundisha udaktari kwa vijana wa Kijava. Umri wake ulikuwa haujatimia miaka 30. Mwaka huo huo alioa mara ya pili huko Batavia.

3. Kuku Wanaanza Kuugua

Kazi aliyoachiwa Eijkman ilikuwa kumaliza yale yaliyoanzwa: kukipata kijidudu cha beriberi na kukihakikisha. Kwa kazi hiyo alihitaji wanyama wa kujaribia. Akachagua kuku, maana kuku hupatikana kwa bei ndogo, na tena hawataki mahali pakubwa. Wakafugwa katika banda karibu na hospitali.

Shauri lake lilikuwa hivi. Kuku wengine watatiwa mwilini vitu vilivyotoka katika miili ya wagonjwa, na wengine wataachwa vivi hivi bila kutiwa kitu. Wale waliotiwa wakiugua, na wale walioachwa wakikaa wazima, basi itajulikana ya kuwa maradhi yamo katika kile walichotiwa. Shauri hilo lilikuwa jema, na hata leo wataalamu hufanya vivyo hivyo.

Tarehe 10 Julai 1889 ugonjwa ukatokea bandani. Kuku walianza kutembea kwa kuyumba, miguu imepanuka na magoti yamelegea. Wakipanda juu ya kijiti cha kulalia, hawawezi kushika, huanguka chini. Baada ya siku chache huanguka hata katika kutembea, wakijikokota kwa mabawa ili wasimame. Kisha hulala ubavu, wasiweze kuinuka tena. Udhaifu hupanda kutoka miguuni mpaka mabawani, na kutoka mabawani mpaka shingoni. Kuku hawezi kudonoa tena. Upanga wa kichwani hugeuka rangi kuwa samawati, macho hufumba, pumzi huenda polepole mdomo ukiwa wazi, na mwisho hufa. Eijkman alipowapasua waliokufa, akaitazama mishipa yao ya fahamu kwa darubini, aliona imeharibika kwa namna ile ile aliyoiona katika watu waliokufa kwa beriberi.

Mtu angeweza kudhani ya kuwa kazi sasa imekwisha. Lakini lilikuwako jambo moja lililovuruga yote. Waliougua hawakuwa wale waliotiwa vitu vya wagonjwa peke yao. Wale walioachwa nao waliugua vile vile, wakafa vile vile. Eijkman alifikiri labda maradhi yameenea katika banda zima, basi akawatenga kuku, hawa huku na wale kule. Hata waliotengwa wakaugua. Akatafuta katika damu na katika mishipa, asione kijidudu chochote ambacho angeweza kukihukumu kuwa ndicho mwenye kosa. Kila siku banda lilikuwa na kuku walalao ubavu, na mwenye elimu yote ya Berlin hakujua sababu.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa Novemba, ugonjwa ukakoma. Haukupungua kidogo kidogo, bali ulikoma ghafula. Waliokuwa wagonjwa wakasimama, wakapona. Hakuna kuku mwingine aliyeshikwa. Hakuna dawa iliyotolewa.

4. Wali wa Jikoni

Kuku wakipona, mwenye kuku hufurahi, na mara nyingi hapo ndipo maneno yaishapo. Kwa Eijkman kupona kwao kulikuwa fumbo kubwa kuliko kuugua kwao. Alijua ya kuwa jambo halianzi bila sababu, wala halikomi bila sababu. Akaanza kuuliza ni kitu gani kilichobadilika katika siku zile. Wenyeji wa pwani husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Daktari huyu hakuona haya kuinama, akauliza habari za kibanda na za chakula cha kuku.

Basi habari ikatoka. Mtumishi aliyewaangalia kuku alikuwa ametaka kupunguza gharama. Badala ya kununua chakula cha kuku, mchele wa bei ndogo usiokobolewa sana, alikuwa akichukua wali kutoka jiko la hospitali, ule wali mweupe uliopikwa kwa ajili ya wagonjwa, akawalisha kuku. Hakumwambia mtu. Pengine hakuona ya kuwa liko jambo la kuambia, maana wali ni wali, na wa jikoni ulikuwa mzuri kuliko ule wa kununua.

Kisha mpishi wa hospitali akabadilishwa. Mpishi mpya alikuwa mtu wa kushika amri. Hospitali ilikuwa mali ya jeshi, bali nyumba ya uchunguzi haikuwa ya jeshi. Kwa hiyo aliona si haki wali wa jeshi uliwe na kuku ambao si wa jeshi, akakataa kuutoa. Mtumishi akalazimika kurudia chakula cha zamani.

Eijkman alizitazama tarehe. Wali mweupe ulianza kutolewa kwa kuku tarehe 17 Juni, ukakoma tarehe 27 Novemba. Ugonjwa ulianza tarehe 10 Julai, yaani siku 23 baada ya chakula kubadilishwa, ukakoma katika siku za mwisho za Novemba. Tarehe hizi zilikuwa kama nyayo za mwizi juu ya mchanga. Zilielekea jikoni.

5. Kuhakikisha kwa Majaribio

Kupatana kwa tarehe peke yake si ushahidi kamili. Mambo mawili huweza kutokea pamoja wala moja lisiwe sababu ya lingine. Basi Eijkman alianza upya, na miaka iliyofuata aliitumia kuhakikisha jambo hili.

Ili kufahamu majaribio yake yafaa kukumbuka jinsi mchele ulivyo. Punje ya mpunga ina ganda gumu la nje, yaani kapi. Kapi likitoka, hubaki mchele wenye utando mwembamba juu yake, na kiini kidogo kwenye ncha yake, ambacho ndicho huota. Mchele ukitwangwa kwa kinu na mchi, kisha ukapepetwa kwa ungo, makapi hutoka, lakini sehemu ya utando hubaki. Ndivyo wenyeji wa Java walivyofanya tangu zamani. Baadaye zikaja mashine zilizoendeshwa kwa mvuke. Mashine zilikoboa mchele hata utando wote ukatoka pamoja na kiini, mchele ukang'aa kwa weupe. Mchele huo haukuharibika upesi ukiwekwa ghalani, nao ulipendeza macho. Watu wakauona kuwa chakula cha heshima, na ule utando uliotoka wakauita pumba, wakawatupia wanyama.

Eijkman akawagawanya kuku wake mafungu. Fungu moja lilipewa mchele uliokobolewa kabisa. Fungu la pili lilipewa mchele wenye utando wake. Wale wa fungu la kwanza, baada ya majuma matatu au manne, wengi wao wakaanza kuyumba na kuanguka. Wale wa fungu la pili wakabaki wazima. Akachukua kuku waliokwisha kulala chini, akawapa mchele wenye utando, au mchele mweupe uliochanganywa na pumba. Wakasimama, wakapona.

Hakutosheka na hayo. Alijiuliza kama kosa ni la kupikwa, akajaribu mchele mbichi mweupe, na kuku wakaugua. Alijiuliza kama mchele ule ulikuwa wa zamani au umeoza, akajaribu mchele mzuri uliokobolewa siku zile zile, na kuku wakaugua. Akawapa wanga wa namna nyingine, kama sago, nao wakaugua. Kila mlango wa shaka aliufungua, akatazama ndani, kisha akaufunga. Mwisho likabaki jambo moja: utando ukiwapo, kuku ni wazima, utando ukikosekana, kuku hufa.

Katika miaka ile ile alifanya na uchunguzi mwingine. Watu wa Ulaya walisadiki ya kuwa mwili wa Mzungu akaaye nchi za joto hubadilika, damu yake ikawa nyepesi kuliko ya wenyeji. Eijkman alipima damu ya Wazungu na ya wenyeji, akaona hakuna tofauti. Ndiyo tabia yake: neno likisemwa na watu wote, alilipima kwanza kabla ya kulisema yeye.

6. Magereza ya Java

Sasa lilibaki swali lililo kubwa kuliko yote. Kuku wamepona, lakini je, watu? Madaktari wengi walisema ugonjwa wa kuku ni wa kuku, na beriberi ni ya wanadamu. Wengine walicheka kusikia ya kuwa maradhi yaliyoshinda majeshi yametafutwa katika chakula cha kuku.

Eijkman alimweleza mambo haya Bwana Vorderman, aliyekuwa msimamizi wa kazi za afya katika Java na Madura. Vorderman alifahamu ya kuwa magereza yanaweza kutoa jibu. Kila gereza lilikuwa na chakula chake kama ilivyo desturi ya mahali pale: huku mchele uliokobolewa sana, kule mchele wenye utando, na pengine mchanganyiko wa namna zote mbili. Wafungwa hawakujichagulia chakula. Kwa hiyo ilitosha kujua kila gereza linakula mchele gani, na lina wagonjwa wa beriberi au halina.

Vorderman akakusanya habari za magereza 101, ambayo wafungwa wake walipita 200,000. Mwaka 1897 habari hizo zikatolewa. Magereza yaliyotumia mchele wenye utando yalikuwa 37, na katika hayo ni gereza 1 tu lililokuwa na beriberi. Yaliyotumia mchanganyiko yalikuwa 13, na 6 kati yake yalikuwa na ugonjwa. Yaliyotumia mchele mweupe yalikuwa 51, na 36 kati yake yalikuwa na ugonjwa. Tena Vorderman aliangalia kama majengo ni ya zamani au mapya, kama upepo unapita vizuri, kama sakafu ni ya namna gani, na kama watu wamesongamana. Mambo hayo hayakuonyesha tofauti. Mchele ndio ulioonyesha.

Hesabu hizi si hesabu za karatasi tu. Katika magereza yale 36 walikuwamo watu waliohukumiwa kifungo cha miezi au miaka, wala hakuna hakimu aliyewahukumu kufa, nao walikufa kwa ajili ya mchele uliokuwa mweupe mno.

7. Kosa Lake na Waliomsahihisha

Wakati habari za magereza zilipotolewa, Eijkman mwenyewe hakuwapo tena Java. Afya yake ilikuwa imeshuka, na mwaka 1896 alirudi Uholanzi. Kazi yake ilishikwa na daktari mwingine, Gerrit Grijns.

Ni haki kusema pia ya kuwa Eijkman alikosea katika jambo moja. Aliona vizuri kwamba utando wa mchele huwaponya kuku, lakini hakujua kwa nini. Alifikiri ya kuwa katika wanga wa mchele imo sumu, na katika utando imo dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Alikuwa amezoea kufikiri ya kuwa ugonjwa huletwa na kitu kibaya kinachoingia mwilini. Ilikuwa vigumu kwake, kama ilivyokuwa vigumu kwa madaktari wote wa zamani zile, kusadiki ya kuwa mtu aweza kuugua hata kufa kwa sababu ya kitu kilichokosekana.

Grijns aliendelea na majaribio. Aliona ya kuwa kuku hupona si kwa pumba peke yake, bali hata kwa choroko. Aliona tena ya kuwa chakula kilichochomwa kwa moto mkali sana hupoteza nguvu ya kuponya. Mwaka 1901 akasema wazi ya kuwa hakuna sumu katika mchele. Katika vyakula kama pumba na choroko kimo kitu kidogo ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila kukipata, na mchele uliokobolewa umenyang'anywa kitu hicho. Eijkman baadaye aliikubali hoja ya Grijns, wala hakushikilia neno lake kwa kuwa lilikuwa lake.

Katika nchi ya Malaya, madaktari Fraser na Stanton walifanya jaribio lililowanyamazisha wenye shaka. Kuanzia mwaka 1907 waliwaangalia vibarua wa Kijava wapatao 300, waliokuwa wakifanya kazi ya barabara. Fungu moja lilikula mchele mweupe, na fungu lingine lilikula mchele wenye utando. Beriberi ikawatokea wale wa mchele mweupe tu. Mafungu yalipobadilishana chakula, ugonjwa nao ukahama pamoja na chakula.

Mwaka 1912 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Poland, Casimir Funk, akiwa London, alivipa vitu hivyo vidogo vya chakula jina la vitamini. Mwaka 1926 wataalamu wawili, Jansen na Donath, wakafaulu kukitoa katika pumba za mchele kile kitu chenyewe kinachozuia beriberi, kikiwa safi kama chembe za chumvi. Walikifanyia kazi hiyo Batavia, katika mji ule ule Eijkman alipokuwa na banda lake la kuku. Na mwaka 1936 Robert Williams wa Marekani akajua kukitengeneza kwa ufundi wa kemia. Leo kitu hicho huitwa vitamini B1.

8. Miaka Yake ya Mwisho

Mwaka 1898 Eijkman aliwekwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Utrecht, akafundisha elimu ya afya kwa miaka 30. Huko alitafuta njia ya kujua kama maji ya kunywa yameingiliwa na uchafu wa choo, akaipata, na njia yake ilitumiwa na wengi. Alishughulika pia na habari za nyumba bora, za afya ya watoto mashuleni, na za vita dhidi ya kifua kikuu.

Mwaka 1929 alipewa zawadi ya Nobel, iliyo heshima kubwa kupita zote apewazo mtaalamu wa udaktari. Aligawana heshima hiyo na Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza, ambaye naye alikuwa ameonyesha ya kuwa wanyama hawakui kwa chakula kilichokosa vitu hivyo vidogo. Lakini Eijkman alikuwa mzee na mgonjwa, asiweze kusafiri mpaka Stockholm kuipokea. Alifariki Utrecht tarehe 5 Novemba 1930, umri wake miaka 72. Mwaka 1938 nyumba ya uchunguzi ya Batavia iliitwa kwa jina lake.

Tangu wakati wake watu wengi wameokoka katika maradhi ambayo wazee wao waliyaogopa. Wengi wao hawakupata kusikia jina lake, wala habari ya mtumishi aliyechukua wali jikoni, wala ya mpishi aliyeunyima. Watu hao wawili hawakukusudia kusaidia elimu. Mmoja alitaka kupunguza gharama, na mwingine alitaka kushika amri. Matendo yao yangepita bila kujulikana kama asingekuwako mtu wa kuuliza.

Kuku wakifa katika ua wa mtu, sababu zaweza kuwa nyingi. Yako maradhi ya kuambukiza yanayofuta banda zima kwa siku chache, na hayo hayaponywi kwa pumba. Bali njia aliyoifuata Eijkman yafaa kwa yote: kuhesabu waliougua na waliopona, kuandika siku ugonjwa ulipoanza na siku ulipokoma, kuwatenga, na kuuliza bila haya ni kitu gani kilichobadilika, hata kama wa kuulizwa ni yule anayebeba ndoo ya chakula. Kuuliza si ujinga. Daktari aliyefundishwa Berlin alipokubali kuuliza habari za chakula cha kuku, ndipo alipopata njia ya kulipata jibu ambalo darubini yake haikuweza kumwonyesha.